Bango Lisilo na Vumbi

Sehemu ya Tisa

Bango halikuwa na vumbi.

Hilo ndilo jambo la kwanza Sekela aliloliona asubuhi ile pale Tegeta, kabla hata hajalisoma. Slabu ilipoanguka juzi, vumbi la saruji lilifunika kila kitu: migomba ya jirani, madebe ya maji, kandambili za mafundi. Hata kuku waligeuka rangi moja. Lakini lile bango la bati, lililopigiliwa kwenye nguzo mbele ya kifusi, lilikuwa linang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Ndipo akalisoma, neno kwa neno, midomo ikitikisika. Ujenzi wa nyumba ya ghorofa moja. Kibali namba fulani. Na chini kabisa, kwa rangi nyekundu: MKANDARASI: THEONEST MUTALEMWA.

Theonest! Fundi wa watu, aliyekuwa amelala kwenye jokofu la chumba cha maiti tangu Jumatatu jioni!

Hapo ndipo tulipomwacha Sekela, msomaji wangu, mkono mdomoni, na sauti ya mwanamume ikimwita kutoka nyuma.

"Unasoma nini, binti?"

Alikuwa Adelard. Injinia Adelard, ndivyo wote walivyomwita pale kazini, ingawa hakuna aliyewahi kuona cheti chake. Yeye ndiye aliyechukua kazi kwa mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyemwajiri kila mtu, kuanzia Theonest, fundi mkuu, mpaka Sekela, mbeba maji. Shati jeupe, miwani ya jua ameipandisha kichwani.

"Shikamoo," Sekela akasema. Akiogopa, hilo ndilo neno pekee linalomtoka.

"Marahaba. Nimekuuliza, unasoma nini?"

"Jina."

"Enhe. Jina la nani?"

Sekela akatazama kandambili zake.

"Si uliishia la tano wewe? Basi kusoma waachie waliomaliza." Adelard akasogea, akashusha sauti. "Bango hili lina mwezi hapa. Umesikia? Mwezi mzima. Hukuliona kwa sababu ulikuwa unatazama ndoo."

Sekela akaitazama nguzo. Kwenye nguzo ile alikuwa akitundika kanga yake kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, kwenye msumari mmoja wenye kutu. Sasa ilikuwa na misumari minne, yote mipya.

"Wiki ijayo naanza kazi Kunduchi," Adelard akaendelea. "Nitahitaji wanawake wa maji. Nikuandike wa kwanza, au nimwandike mwenzio?"

Hakungoja jibu.

"Saa tatu kuna kikao ofisi ya serikali ya mtaa. Wewe si lazima uje. Kapumzike."

Sekela akaenda, ila si kupumzika.

*

Kwa nini bango? Nisikilize, na usichoke, maana kila kitu kiko hapo.

Manispaa ina sheria zake ndogo. Zinasema nyumba ya ghorofa haijengwi bila mkandarasi, na jina lake liandikwe kwenye bango, mbele ya eneo, mahali pa kusomeka. Likitokea la kutokea, anayetafutwa ni wa kwenye bango. Fundi akikatika mkono, anamdai wa kwenye bango. Fundi akifa, watoto wake wanamdai wa kwenye bango.

Na wa kwenye bango akiwa naye ni maiti?

Faili linafungwa. Injinia anakwenda Kunduchi.

Chini ya slabu ile walikufa watu wawili. Theonest, na Hija, mchanganya zege, baba wa watoto watatu. Kama mkandarasi ni Theonest, watoto wa Hija watadai nini kwake? Futi ya kupimia na viatu vya kazini?

*

Ofisi ilikuwa imejaa. Mafundi walisimama ukutani, hawatazamani. Mbele, nyuma ya meza, alikaa afisa wa manispaa, Bi Monica, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo na faili kubwa. Kulia kwake Adelard. Kwenye benchi la mbele, wanawake wawili waliotenganishwa na nafasi ya mtu mmoja.

Wa kwanza alikuwa Raudha, dada yake Hija, mtoto wa Kunduchi kwa baba na mama, baibui jeusi na macho mekundu.

Wa pili Sekela hakuwahi kumwona, lakini alimjua mara moja. Paji la uso lilikuwa lile lile. Pua ile ile. Alikuwa Mama Avelina, mama yake Theonest, aliyeshuka alfajiri stendi ya Mbezi Luis kwa basi la kutoka Bukoba, miguu imemvimba, kikapu mapajani.

Mama Avelina akafungua kikapu. Akatoa kifurushi kidogo cha majani ya mgomba makavu, akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kahawa, zile punje nzima za kutafuna. Kwao Bukoba watu hawazungumzi kabla ya kupeana kahawa. Akamnyooshea Raudha mkono.

Raudha akautazama ule mkono kana kwamba umeshika nge.

"Mwanao kaniulia kaka yangu, halafu unanipa kahawa?"

"Mwanangu..."

"Mie si mwanao! Mwanao yuko kwenye jokofu, na kaka yangu tumemzika jana. Watoto watatu! Wa mwisho hajui hata kusema 'baba', na sasa hana wa kumwita!"

Mama Avelina akaurudisha mkono. Punje mbili zikadondoka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuziokota.

Sekela alikuwa mlangoni.

"Jamani, tuvumiliane," Adelard akasema kwa upole. Akainuka, akachuchumaa mbele ya Mama Avelina, akamsemesha Kihaya. Uso wa mama ukalegea. Huyu alikuwa kijana wa kwao, kijiji cha jirani. Ndiye aliyemtoa Theonest nyumbani miaka minne iliyopita, akamwahidi mama kwamba atamtunza.

"Mama," akarudi kwenye Kiswahili ili wote wasikie, "jeneza nimeshanunua. Gari liko nje, limejazwa mafuta. Saa sita linapita hospitali kumchukua ndugu yetu, kesho mko nyumbani. Hudaiwi chochote. Weka dole gumba kwenye karatasi hii tu."

"Hapa pameandikwa nini, mwanangu?"

"Kwamba umemtambua marehemu. Na kwamba ndiye aliyekuwa mkandarasi wa kazi hii. Ni utaratibu tu, ili wakupe mwili."

"Mkandarasi ndiyo nini?"

"Ndiye mkubwa wa kazi."

Mama Avelina akatabasamu kidogo katikati ya machozi. "Theonest alikuwa mkubwa wa kazi? Hakuniambia."

Oh, msomaji! Mama wa watu alikuwa anaona fahari.

Kidau cha wino kikafunguliwa.

"Ngoja kwanza," Bi Monica akasema. "Kabla mama hajaweka dole. Bango liliwekwa lini?"

"Lina mwezi, afisa."

"Nawauliza waliokuwa wanafanya kazi." Bi Monica akawageukia wa ukutani. "Nyie mlilionaga hilo bango?"

Mafundi wakatazama viatu. Kila mmoja alishaahidiwa Kunduchi.

"Hata mmoja?"

"Halina vumbi."

Watu wakageuka. Nani kasema? Sauti ilitoka mlangoni. Fundi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Heh! Bi Kimya ana sauti?"

"Sogea mbele, binti. Halina nini?"

"Vumbi," Sekela akasema. "Vitu vyote vina vumbi. Bango halina."

Adelard akacheka, tena kicheko cha starehe kabisa. "Afisa, mlisema mnakuja kukagua. Nikamtuma mtu alifute. Mngesomaje herufi zenye vumbi? Au kufuta bango nako ni kosa kwenye sheria zenu ndogo?"

Ofisi nzima ikaguna kwa kicheko. Sekela akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka ukutani. Ujasiri wote wa mwaka mzima ulikuwa umeishia kwenye maneno yale machache, na yalikuwa yamefutwa kwa kitambaa.

Lakini Bi Monica hakucheka. Alifungua faili, akatoa karatasi.

"Hii ni nakala ya ilani yetu. Nawasomea. 'Kwa Bwana Adelard, mkandarasi. Eneo lako la ujenzi halina bango. Mkandarasi hajasajiliwa. Simamisha kazi, na ndani ya siku saba utimize masharti. La sivyo eneo litafungwa na vifaa vitachukuliwa.' Imeandikwa Jumanne ya wiki iliyopita. Siku sita kabla ya ajali."

Raudha akainua kichwa. "Adelard? Si wanasema mkandarasi ni huyo marehemu?"

"Sijawahi kuiona hiyo karatasi," Adelard akasema haraka. "Inaweza kuwa imeandikwa hata jana! Nani aliipokea? Sahihi yake iko wapi?"

Bi Monica akashusha pumzi. "Hapo ndipo penye tatizo, na kosa ni letu. Mgambo wetu anasema alimkabidhi binti mmoja pale eneo la ujenzi. Hakumsainisha. Hakuuliza jina. Na maneno bila shahidi..." Akaikunja nakala. "Bila aliyeipokea, hii ni karatasi tu."

Adelard akainuka kwenda kuchukua kitambaa cha kufutia wino, kilichokuwa dirishani karibu na Sekela. Alipompita akainama kama anayefunga kamba ya kiatu.

"Theonest aliniambia karatasi ililetwa na mkono wa nani," akanong'ona. "Na tarehe niliiona. Nyamaza, nami nitanyamaza."

*

Sasa nikwambie ambalo Sekela hakumwambia mtu.

Ni kweli. Jumanne ile mgambo alifika saa nne, akamkuta Sekela amejitwisha ndoo. "We dada, mpe bosi wenu hii." Akaondoka na pikipiki yake. Bosi hakuwepo. Sekela akaona ile bahasha ni ya kumpa Theonest, fundi mkuu.

Theonest alikuwa juu, na wanaume kumi na wawili, wanapiga kelele na kutaniana. Sekela akafika chini ya ngazi. Wakamwona. "Bi Kimya anamtaka nani leo?" Vicheko. Akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga, akarudi bombani.

Jumatano alijaribu tena. Theonest alikuwa anakula na wenzake. Alhamisi alikuwa na mwenye nyumba. Ijumaa alikuwa peke yake kwa dakika tano nzima, anapima ukuta, na Sekela akasimama hatua tatu kutoka kwake, mpaka Hija akatokea na toroli. Jumamosi, siku ya malipo, watu walikuwa wengi. Jumapili haikuwa ya kazi.

Jumatatu asubuhi akampa. Alimnyooshea tu.

"Imekuja lini?" Theonest akauliza.

"Leo," Sekela akadanganya.

Theonest akaitazama tarehe. Kisha akamtazama yeye. Hakumgombeza. "Sawa," akasema, akaenda kumtafuta Adelard mbio.

Sekela aliwasikia nyuma ya stoo.

"Muda unaisha kesho, injinia. Tuwaombe manispaa, tutafute mkandarasi mwenye usajili."

"Kwa siku moja? Utampata wapi? Sikiliza. Sheria yao ni ya ujenzi. Ondoa mirunda, fagia, tundika pazia dirishani. Wakija kesho wataona nyumba, hawataona ujenzi. Hakuna ujenzi, hakuna bango."

"Mirunda ndiyo inayoishika slabu. Zege lina siku tisa tu! Linataka wiki tatu na zaidi."

"Basi kesho wafunge. Wewe ndiye utakayewaambia watu kumi na wanne warudi makwao?"

Halafu sauti ya Theonest, imechoka: "Nitaondoa ya pembeni tu. Watu wengine wakae nje."

Aliingia na Hija peke yake. Kabla ya kuingia alimwambia Sekela, "Peleka ndoo barabarani. Kaa huko huko."

Ndoo zilikuwa bado mikononi mwake aliposikia ule mshindo.

Laiti Theonest angepewa karatasi Jumanne! Angekuwa na siku saba za kutafuta, za kuomba, hata za kugombana na kuacha kazi. Sekela alimwachia moja.

*

"Basi," Bi Monica alisema, "kama aliyepokea ilani hayupo, siwezi kuzuia. Mama, unaweza kuweka dole."

Adelard akaushika mkono wa Mama Avelina kwa heshima, akakibonyeza kidole gumba kwenye wino. Kikatoka cheusi. Kilikuwa kidole cha mtu wa shamba, kucha imepasuka katikati.

Sekela alikitazama kile kidole kikisogea kwenye karatasi. Akinyamaza, ana kazi Kunduchi. Mama huyu atampenda yeyote atakayekuja msibani, naye Sekela akiwamo. Raudha atamchukia maiti, na maiti haumii. Akisema, Theonest atarudi kwao akiwa fundi aliyekufa kazini, na watoto wa Hija watakuwa na mtu hai wa kumdai. Lakini akisema, wanawake hawa wawili watajua kilichokuwa kwenye pindo la kanga yake siku zote zile.

"Ni mie."

Kidole kikasimama hewani.

"Wewe nani?" Bi Monica akauliza.

"Mie ndiye niliyepokea ilani. Jumanne, saa nne. Bango halikuwepo. Nguzo ile nilikuwa natundikia kanga yangu."

"Mwongo huyu!" Adelard akafoka. "Amefukuzwa kazi! Analipiza!"

"Kaa chini, bwana. Binti, ulimpa nani?"

"Theonest. Naye akampa yeye." Akamwonyesha Adelard kwa kidole, mtu mkubwa kwake, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani. "Nilisikia kwa masikio yangu. Theonest alikataa. Alimwambia zege lina siku tisa. Huyu akamwambia aondoe mirunda, atundike pazia."

Ukutani fundi mmoja akaguna. Kisha mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Kweli. Hata mie pazia nililiona." Na wa tatu: "Bango limepigiliwa jana usiku."

Bi Monica alikuwa anaandika haraka. "Ulimpa Theonest siku gani?"

Sekela akafumba macho.

"Jumatatu."

Kalamu ikasimama.

Raudha akahesabu kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi... Alipofika mwisho akainuka polepole, baibui likivuta benchi.

"Siku sita," akasema. "Kaka yangu alikuwa hai siku sita, na wewe karatasi umeifunga kwenye kanga?"

Raudha akamsogelea.

"Mie namlaani maiti wa watu tangu juzi! Kumbe muuaji ulikuwa umesimama mlangoni umeinamisha kichwa kama mwali! Sema! Sema leo, si umepata mdomo?"

Nje, gari likawashwa.

Watu wakageuka. Kiti cha Adelard kilikuwa kitupu, na juu ya meza ile karatasi ya dole haikuwepo. Kupitia dirishani waliliona lile gari jeupe lililofungwa vitambaa vyeusi, lenye jeneza ndani, likirudi nyuma, likigeuza, likiingia barabara ya Bagamoyo bila maiti.

"Mshikeni!" Bi Monica akapiga kelele. Mafundi wakatoka mbio, wakisukumana mlangoni.

Mama Avelina hakugeuka. Hakulitazama gari lililokuwa limpeleke mwanawe nyumbani. Alikuwa anamtazama Sekela, kidole cheusi bado kimeinuliwa, kana kwamba hajui pa kukifuta.

"Mwanangu," akasema kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo, na hapo ndipo Sekela alipotamani apigwe. "Siku sita zote hizo. Theonest alikukosea nini?"

Sekela akapiga magoti. Akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yalikuwepo tangu masika, alikuwa akiyabeba kutoka bombani mpaka juu ya ngazi na kurudi nayo, mara arobaini kwa siku.

"Hakunikosea, mama. Nilikuwa nangoja abaki peke yake, ili nikimpa ile karatasi nipate na la kumwambia. Nilikuwa nampenda mwanao. Amekufa hajui."